Kuku wa nyumbani kwenye baridi ya kugandisha: kwanza banda likauke

Kuku mzima mwenye manyoya kamili anastahimili baridi kuliko wengi wanavyodhani. Joto la mwili wake ni takriban nyuzijoto 41 za Selsiasi, na akijitutumua manyoya hushika hewa karibu na ngozi kama blanketi. Usiku ukishuka hadi nyuzijoto 10 chini ya sifuri, kuku aliyeshiba, aliyelala mahali pakavu pasipopenya upepo, ataamka hana neno. Kinachomwangusha ni unyevu. Manyoya yaliyolowa hayashiki hewa, upanga (nyama nyekundu ya kichwani) wenye umande huganda, na hewa nzito ya bandani huchoma macho na mapafu. Kwa hiyo kazi kubwa ya majira haya ni kuyatoa maji bandani. Habari ya kuongeza joto inakuja mbali sana baada ya hapo, na mara nyingi haiji kabisa.

Vipimo vilivyo hapa ni vya kundi la kuku 10 wa uzito wa kati. Ukiwa na pungufu au zaidi, gawanya au zidisha.

Hatua ya 1: Fungua juu, ziba chini

Kuku 10 hunywa lita 2 hadi 2.5 za maji kwa siku. Sehemu kubwa hurudi bandani: kinyesi kibichi ni maji kwa kama robo tatu ya uzito wake, na kila pumzi hutoka na mvuke. Hewa hiyo yenye vuguvugu hupanda, ikigusa bati la baridi inageuka matone, na matone yanadondokea migongo ya kuku. Mwenye banda akihisi baridi huziba kila tundu kwa magunia na nailoni. Hapo ndipo panga za kuku huanza kubabuka, naye hudhani bado hajaziba vya kutosha.

Matundu ya hewa yawe juu kabisa, chini ya paa, angalau sentimita 30 juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Kwa kuku 10, anza na nyufa mbili zinazotazamana, kila moja na urefu wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 15, uziweke wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 12 ili panya na vicheche wasipite. Upande unaopigwa na upepo, tundika ubao wa bawaba unaoweza kushushwa nusu siku ya dhoruba. Usiufunge wote.

Kisha shuka chini. Mianya yote iliyo usawa wa kuku au chini yao izibwe: pembeni mwa mlango, kwenye viungo vya mbao, sakafuni. Njia rahisi ya kuigundua ni kufunga kipande chembamba cha karatasi ya tishu kwenye fito ya kulalia, usiku wenye upepo, na kukimulika kwa tochi. Kikitikisika kwa mbali, sawa. Kikipepea, kuna tundu unalopaswa kulitafuta.

Kama paa ni bati tupu, weka chini yake ubao au tabaka la kuzuia baridi. Ukitumia boksi la povu jeupe, lifunike lote kwa plaiwudi, kwa sababu kuku hulidonoa na kulimeza hadi likaisha.

Utajuaje kama matundu yanatosha? Ingia asubuhi kabla hujafungua mlango wa kuku. Angalia upande wa ndani wa dirisha na wa paa: ukiona jalidi au matone, ongeza uwazi. Halafu chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kuku na uvute pumzi. Ukisikia harufu kali ya amonia inayowasha, imeshazidi kiwango kinachowafaa ndege wanaolala humo saa 14 mfululizo. Usipime ukiwa umesimama, maana hewa ya juu ndiyo safi kuliko yote.

Hatua ya 2: Fito za kulalia

Miguu haina manyoya (isipokuwa kwa aina chache kama Brahma), kwa hiyo kuku hulinda vidole kwa kifua chake mwenyewe anapovilalia. Fito nyembamba ya mviringo humlazimu akunje vidole chini, na ncha zibaki nje. Tumia ubao wa sentimita 5 kwa 10, upande mpana ukiwa juu, na pembe zake uzipige msasa. Bomba la chuma au la plastiki halifai: chuma hunyonya joto la mguu, plastiki huteleza.

Mpe kila kuku sentimita 25, yaani mita 2.5 kwa kundi lote, na fito ikae sentimita 30 au zaidi kutoka ukutani. Kimo cha sentimita 60 hadi 90 kinatosha. Chini yake weka ubao wa kudakia kinyesi, uukwangue kila asubuhi. Nusu ya kinyesi cha siku nzima, pengine zaidi, hudondoka usiku pale walipolala. Ukikitoa nje kikiwa kimeganda, umetoa maji mengi kwa kazi ya dakika mbili. Kati ya kazi zote za kila siku zilizo katika mwongozo huu, hii ndiyo tusingeiruka hata kwa dharura.

Hatua ya 3: Maranda sakafuni

Tandaza maranda makavu ya mbao, kina cha sentimita 10 hadi 15, kabla baridi haijaingia. Geuza kwa reki mara mbili kwa wiki, na safu ya juu ikianza kushikana ongeza sentimita 3 hadi 5. Mwisho wa majira kina kinaweza kufika sentimita 30. Tupia konzi ya nafaka humo ili kuku wapekue, watakusaidia kugeuza.

Kipimo ni mkono wako. Chota maranda ya katikati, yafinye. Yakishikamana kidogo kisha yakamomonyoka ukifungua kiganja, yako sawa. Yakidondosha maji au yakibaki donge, yatoe hayo na uweke makavu. Yakitimka vumbi, usiyaongeze wala kuyageuza sana.

Watu husimulia kwamba matandiko ya kina hupasha banda zima joto. Kwenye banda dogo la nyumbani usilitegemee hilo: baridi ya kugandisha hupunguza kasi ya vijidudu vinavyoozesha, na rundo ni dogo mno. Faida yake halisi ni kunyonya unyevu na kuitenga miguu na sakafu. Nyasi ndefu na majani makavu ya malisho hushikana kama mkeka na kuota ukungu, na ukungu huo huingia mapafuni mwa kuku. Chokaa ya kujengea usiinyunyize, inachoma miguu.

Hatua ya 4: Maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Kuku asiyepata maji huacha kula, na asipokula hana cha kuchoma usiku kumpa joto. Mayai hukatika upesi sana, wakati mwingine kwa kukosa maji siku moja tu. Theluji haiwezi kuwa badala ya maji: anaidonoa, lakini anatumia joto lake kuiyeyusha.

Kama banda halina umeme, fanya hivi. Nunua mabeseni mawili ya mpira mweusi, yale yanayokunjika. Moja liwe nje, jingine ndani ya nyumba. Asubuhi peleka maji ya vuguvugu, mchana badilisha, alasiri, saa moja hivi kabla hawajapanda fito, badilisha tena. Beseni lililoganda lipindue ulikanyage, barafu itachomoka nzima bila kulipasua. Ndoo ya plastiki ngumu hupasuka ukifanya hivyo. Maji yasiwe ya moto, maana hutoa mvuke mwingi. Beseni lenye kina na mdomo mwembamba huganda polepole kuliko sinia pana.

Kama umeme upo, kitako cha umeme cha kupashia chombo cha maji hurahisisha maisha. Soma maelekezo yake kwanza: vingi vimetengenezwa kwa ajili ya vyombo vya chuma, na ukiweka plastiki juu yake inayeyuka. Waya uache upinde kwenda chini kabla ya kufika kwenye soketi, ili maji yanayotiririka yadondoke pale kwenye mpindo yasiingie kwenye umeme. Soketi iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Chuchu za kunywea zilizochomekwa chini ya ndoo huganda mapema sana, hata kama maji ya ndani bado ni maji.

Majogoo wenye ndevu ndefu chini ya mdomo huzichovya wanapokunywa kwenye beseni lililo wazi, kisha zinaganda. Kwa kundi lenye majogoo wa namna hiyo, tumia chombo chenye mfereji mwembamba, au funika beseni kwa ubao wenye tundu linalopitisha mdomo tu.

Usiku toa maji bandani. Kuku hawanywi gizani, na chombo kilichobaki ndani kinaongeza unyevu bure. Na usiweke chumvi, gliserini wala dawa ya kuzuia kuganda ya magari kwenye maji ya kunywa. Chumvi nyingi humuua kuku, na dawa ya magari ni sumu. Chupa ya maji ya chumvi iliyofungwa na kuelea ndani ya beseni, ambayo husifiwa sana, husaidia kwa baridi ndogo tu. Ikipasuka, umewanywesha chumvi.

Hatua ya 5: Chakula

Kuku wa mayai hula kama gramu 110 hadi 130 kwa siku. Kwenye baridi kali hupanda hadi 150 au zaidi, kwa hiyo usimpimie. Acha kilishio kiwe na chakula mchana kutwa. Chakula kamili cha kuku wa mayai, chenye protini asilimia 16 au zaidi, ndicho msingi. Wale ambao bado wananyonyoka na kuotesha manyoya baridi ilipoingia wape chenye asilimia 18 hadi 20, kwa kuwa unyoya karibu wote ni protini, na usiwashikeshike, vishina vipya vina damu na vinauma.

Jioni, dakika kama 30 kabla ya kulala, wape mahindi yaliyoparazwa, gramu 15 hadi 20 kwa kila mmoja; konzi moja ya mtu mzima inatosha kuku 2 au 3. Nafaka husagika taratibu kwenye firigisi na kumpa nguvu za usiku. Usizidishe. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu, kwa hiyo kila konzi ya ziada inapunguza protini katika mlo wa siku, na matokeo yake ni mafuta tumboni, mayai machache na kudonoana manyoya. Ardhi ikifunikwa na theluji kuku hapati vijiwe, basi weka bakuli la changarawe ndogo ngumu. Magamba ya chaza yaliyopondwa yakae kwenye bakuli lake peke yake. Hayo ni ya ganda la yai, hayasagi chochote.

Uji wa vuguvugu wa pumba wanaupenda. Wape asubuhi kiasi cha kumalizika ndani ya dakika 20, kisha ondoa chombo. Jioni hapana: midomo na ndevu zitalala zimelowa.

Uwanja

Theluji iliyopita kifundo cha mguu huwafungia kuku wengi ndani. Ondoa theluji njiani kwa koleo, tandaza nyasi kavu au maranda, na watatoka. Upande wa upepo wa wavu funga nailoni nzito inayopitisha mwanga, kutoka chini hadi kimo cha mita moja hivi, juu pabaki wazi. Chini ya kipaa weka kreti la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu safi ya kuni wajiogeshe, kwa sababu udongo wa nje umekuwa jiwe. Bandani kila kuku apate angalau mita ya mraba 0.4, na uwanjani kama mita 1; wakibanana siku za kufungiwa, huanza kudonoana. Kabichi iliyotundikwa kimo cha vichwa vyao huwapa shughuli.

Wanyama wawindaji nao wana njaa. Kicheche hupita tundu la sentimita 2.5, kwa hiyo kagua wavu kila wiki, na mlango unaofunguka na kufungika wenyewe uukague kila jioni, maana reli zake zikiingia barafu hubaki nusu wazi.

Mayai na mwanga

Kupungua kwa mayai hutokana zaidi na siku fupi kuliko baridi. Kuku hutaga vizuri akipata mwanga wa saa 14 hadi 16. Ukitaka waendelee, balbu ndogo ya LED yenye taima inatosha. Iwashe alfajiri, si jioni, kwa sababu taa ikizimika ghafla usiku huwakuta kuku sakafuni hawaoni fito. Ongeza dakika 30 kila wiki. Mitetea ambao hawajafikia umri wa kutaga usiwawekee. Wataanza mapema kabla mwili haujakomaa, na hatari ya njia ya yai kutokeza nje huongezeka. Wengine tunaona ni heri kuwaacha wapumzike mpaka siku zirefuke. Hilo ni chaguo lako.

Okota mayai mara 2 au 3 kwa siku. Yai likiganda hutanuka na kupasuka. Lililopasuka tupa, lililoganda bila ufa liweke kwenye friji liyeyuke polepole, kisha ulipike mapema.

Joto la ziada

Balbu ya joto ya wati 250 iliyoning'inizwa juu ya maranda makavu ni njia ya kawaida ya mabanda kuungua. Kamba hulegea, kuku huruka na kuigonga, vumbi hukaa juu yake. Na umeme ukikatika usiku wa manane, kuku waliozoea nyuzijoto 15 hutumbukia kwenye barafu kwa ghafla. Jiko la mkaa na la mafuta ya taa ni baya zaidi: hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, pamoja na mvuke. Usiyaingize bandani hata kwa saa moja.

Wanaohitaji joto kweli ni vifaranga (nyuzijoto 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza kama 3 kila wiki), wagonjwa, walionyonyoka manyoya, na aina kama Silkie ambazo manyoya yake hayazuii baridi vizuri. Kwa hao tumia paneli ya joto isiyo na balbu, iliyofungwa ukutani kwa skrubu, yenye thamostati. Kama bado unachagua kuku, tafuta wenye upanga mdogo uliolala. Wyandotte wanao, Chantecler walizalishwa Quebec, Kanada, kwa ajili ya baridi hasa, upanga na ndevu zikiwa ndogo mno. Leghorn, mwenye upanga mkubwa uliosimama, ndiye wa kwanza kubabuka.

Ukaguzi wa usiku

Mara moja kwa wiki ingia na tochi wakiwa wamelala. Pitisha vidole juu ya mfupa wa kifua: ukiwa mkali kama ukingo wa kisu, huyo amekonda chini ya manyoya yaliyomfanya aonekane mnene. Gusa gole (mfuko wa chakula chini ya shingo), linapaswa kuwa limejaa. Funua manyoya kuzunguka njia ya haja utafute utitiri, vidoa vyeusi vinavyotembea na uchafu kama majivu kwenye vishina. Utitiri wa mwilini hustawi hasa kwenye miezi ya baridi, na kuku anayenyonywa damu hawezi kujipasha joto. Tumia dawa iliyoruhusiwa kwa kuku wa mayai, rudia baada ya siku walizoandika kwenye kopo. Kusimama kwa mguu mmoja si ugonjwa. Kujikunyata mchana, macho yamefumba, wenzake wakila, ni dalili.

Kubabuliwa na baridi

Ncha ya upanga, ndevu au kidole hugeuka nyeupe au kijivu, inakuwa ngumu na baridi. Baadaye huvimba, na baada ya siku kadhaa huwa nyeusi.

1. Mpeleke kuku kwenye chumba cha nyuzijoto 10 hadi 15, mbali na moto.
2. Kama ni miguu, itumbukize kwenye maji ya nyuzijoto 38 hadi 40 kwa dakika 15 hadi 20, kisha ikaushe kabisa hadi katikati ya vidole. Kama huwezi kumweka ndani baada ya hapo, usiiyeyushe. Nyama ikiganda mara ya pili huharibika zaidi.
3. Usisugue, na usitumie kikaushio cha nywele.
4. Sehemu nyeusi iache. Inafunika nyama inayopona chini yake na itadondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa.
5. Uvimbe ukiongezeka, ukitoa usaha au harufu, mwone daktari wa mifugo. Anaweza pia kutoa dawa ya maumivu.

Mafuta ya mgando kwenye upanga huzuia maji yasiguse ngozi, lakini hayapashi joto. Yapake ukitaka, ila kuku wawili wakibabuka usiku mmoja, tafuta kosa kwenye matundu ya hewa. Jogoo aliyebabuka anaweza kupoteza uwezo wa kutungisha mayai kwa muda, hata akionekana amepona, kwa hiyo usiharakishe kuatamisha mayai yake. Kuku aliyelala ndani siku kadhaa arudishwe mchana wenye jua, na hatua kwa hatua: kwanza chumba kisicho na joto, kisha banda.

Barafu inapoyeyuka

Wiki za mwisho huwa mbaya kuliko katikati. Mchana kuna matope, usiku yanaganda, na kinyesi kilichokuwa jiwe miezi yote kinalowa mara moja. Amonia hupanda kwa siku mbili. Fungua matundu yote, toa maranda yaliyolowa karibu na mlango, chimba mfereji mdogo wa kupitisha maji mbali na kizingiti. Matandiko mengine yaache hadi baridi ikatike, kisha yatoe yote na uyarundike nje yaoze miezi kadhaa kabla ya kuyapeleka kwenye mboga. Yakiwa mabichi huunguza mizizi.